Nani Anayelipia Kiti cha Bei Nafuu?

Somo: Mithali 20:14, 1 Wafalme 10:18–20, Yeremia 22:13

Swali la juma hili si kubwa machoni pa watu. Hakuna atakayefunga siku tatu kwa ajili yake, na sijawahi kusikia likiombewa kwenye kesha. Linahusu kiti. Lakini limenisumbua tangu Aprili, na kwa sababu najua siko peke yangu niliyefanya nilichofanya, nimeona afadhali nilitoe mbele yenu.

Novemba iliyopita tulipata ujumbe kutoka kwa wazazi wa kijana anayetaka kumuoa binti yetu wa kwanza. Wangekuja Jumamosi ya tatu ya Desemba, watu kumi na wawili, kuzungumzia mahari. Mnajua vile siku hizo zinavyokuwa. Nyumba uliyoishi miaka ishirini bila shida unaanza kuiona kwa macho ya mgeni. Pazia limefifia. Ukuta una alama za mikono ya watoto ambao sasa wana ndevu. Na viti vyetu, vile vya kitambaa cha maua tulivyonunua nikiwa bado mwalimu mchanga, nikaona haya navyo.

Nikaingia duka kubwa la samani hapa Nairobi. Hapo mlangoni kulikuwa na kiti cha mtu mmoja, cha mgongo mrefu, chenye mabawa mawili pande za kichwa, mahameli ya kijani kibichi, vifungo vimezamishwa mgongoni kwa mistari, miguu ya mbao nyeusi. Ni aina ya kiti ambacho kikiingia sebuleni kinaanza kuongea kabla ya mwenye nyumba. Msichana wa dukani akaniambia, “Keti tu, mzee, kuketi ni bure.” Nikaketi. Halafu nikageuza ile kadi ndogo, nikaelewa kwa nini alinihakikishia kwamba kuketi ni bure. Shilingi 165,000.

Nikakipiga picha kwa simu, nikatoka.

Wengi wenu mnajua nilikoenda, kwa maana hata nyinyi mmeenda. Ukishuka Ngong Road unawaona mafundi kando ya barabara, sofa zimepangwa hadi ukingoni mwa lami, zinameza vumbi na moshi wa matatu. Fundi niliyemkuta alichukua simu yangu, akaivuta picha kwa vidole, akaangalia miguu, akaangalia mshono wa bawa, akanyamaza kidogo kama daktari anayetazama picha ya mfupa. “Hii tunaweza, mzee. Elfu ishirini na tisa.”

Hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Nilimwambia nini? Nilimwambia, “Fundi, ishirini na tisa kwa mbao na sponji? Kule chini kuna mwenzako ameniambia kumi na tano.” Hakuna mwenzake aliyeniambia hivyo. Sikuwa nimeongea na fundi mwingine yeyote asubuhi hiyo. Nilisema kwa ulaini, kwa sauti ile ile ninayotumia kufungua ibada ya nyumbani. Akashuka hadi ishirini na tano. Simu yake ikalia, akageuka pembeni, lakini nikasikia. Alikuwa anaongea na mwenye nyumba anayoishi, anamsihi ampe hadi Jumatatu. Na mimi, wapendwa, badala ya kusikia shida ya mtu, nilisikia bei ikishuka. Nikaanza kutembea kuelekea garini polepole, ule mwendo tunaoujua sisi wanunuzi. Nimeshika mlango, akaniita. Tukaelewana Sh 18,500. Nikampa 10,000 za mwanzo.

Kiti kililetwa kwa pikapu Alhamisi kabla ya wageni. Kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo mwingine juu yake. Lakini mstari mmoja wa vifungo ulikuwa umepinda kidogo, nikaukazia macho. Nikamlipa 6,500, nikazuia 2,000, nikasema tutaangalia baadaye. Akautazama ule mstari, akamtazama dereva wa pikapu aliyekuwa anapiga honi, akasema, “Sawa, mzee.” Akaenda.

Jumamosi mjomba mkubwa wa kijana ndiye aliyekalia kile kiti. Akapapasa mkono wa kiti, akasema, “Hiki mlikitoa duka la maana.” Nikajibu, “Tulikitafuta sana.” Neno hilo lilikuwa la kweli, na ubaya wake ulikuwa papo hapo. Mama watoto alikuwa anapita na sinia la chai. Aliniangalia mara moja tu.

Sulemani alisikia sauti yangu Ngong Road miaka mingi kabla sijazaliwa. Katika Mithali 20:14 anamchora mnunuzi anayeponda bidhaa akiwa mbele ya muuzaji, kisha akishafika kwake anajisifu. Angalieni kwamba hamuiti mwizi. Hasemi afungwe. Anamchora tu, kama mtu anayekupiga picha ukiwa hujajipanga.

Aprili kiti kikaanza kubonyea katikati, na mkono wa kulia ukawa unalia kila mtu akiinuka. Nikakipindua, nikafungua kitambaa cha chini. Ndani hakukuwa na ile sponji ya hai-densiti niliyoahidiwa. Kulikuwa na vipande vya sponji za rangi tatu vimegandishwa pamoja. Fremu ilikuwa ya mbao za masanduku ya mizigo, moja bado ina maandishi ya bandarini. Hasira zikanipanda. Nikakipakia kiti garini, nikashuka Ngong Road nikiwa nimetayarisha hotuba.

Fundi hakubishana. Aliokota kipande cha katoni, akatoa kalamu sikioni, akaniandikia. Nimekihifadhi kile kipande ndani ya Biblia yangu, na nitawasomea kama kilivyo. Mbao nzuri za fremu, 3,200. Sponji ya hai-densiti, 5,500. Mahameli mita sita kwa 700, 4,200. Mikanda ya mpira, misumari na gundi, 1,300. Miguu, ambayo hachongi yeye bali huchongewa na mwenye mashine, 1,200. Vifungo na uzi, 600. Sehemu ya kodi ya kibanda, 800. Pikapu, 1,500. Kijana wa kumsaidia siku nne kwa 700, 2,800. Akapiga mstari. 21,100. “Hapo sijajilipa, mzee. Kwa ile bei yangu ya kwanza ningebaki na elfu saba na mia tisa. Hiyo ni ya siku sita.”

Halafu akaandika upande wa pili. Aliweka sponji ya vipande, 2,300. Akaweka mbao za masanduku, 1,400. Gharama ikashuka hadi 16,100. Kutoka 18,500 angebaki na 2,400. “Halafu ukanikata elfu mbili.” Hakumalizia. Mimi nilifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na moja, na hiyo niliifanya bila kalamu. Shilingi mia nne. Siku sita.

“Mzee,” akasema, “uliniagiza kiti cha kumi na nane na mia tano. Kiti cha kumi na nane na mia tano ndicho hicho.”

Tuna msemo tunaoupenda, kwamba rahisi ni ghali. Nimeusikia hata madhabahuni. Tunausema tukimaanisha kwamba ukinunua kitu cha bei ya chini kitakuharibikia na utanunua tena, basi mwisho wa yote wewe mnunuzi ndiye utakayeumia. Ni kweli. Lakini msemo huo unamhurumia mnunuzi peke yake. Kiti changu kilikuwa ghali tangu Alhamisi ile kilipoletwa, miezi minne kabla hakijabonyea. Kilikuwa ghali kwa mtu mwingine, na kwa sababu ughali huo haukuwa sebuleni kwangu, mimi nilikiita nafuu.

Sasa nirudi kwenye swali lenyewe. Je, ni vibaya Mkristo kutamani kitu cha bei ya juu, kisha akatafuta kinachofanana nacho kwa bei anayoiweza? Mimi nasema si vibaya. Na nisikilizwe vizuri hapa, kwa maana kuna mahubiri ya kukataa kila kitu kizuri ambayo mara nyingi huhubiriwa na mtu aliyeketi kwenye kiti kilichonunuliwa na waumini.

Tuanze na lile la kuiga. Ndugu mmoja katika ushirika wetu alinishtua akisema kwamba hata kupeleka picha kwa fundi ni wizi, kwa kuwa umbo lile lina mwenyewe. Nililipima neno lake. Kiti cha mabawa kilianza Uingereza karne ya 17, na yale mabawa hayakuwa pambo. Nyumba zilikuwa na upepo wa baridi na moto wa kuni ukutani, basi mabawa yalikinga upepo na kumhifadhia mzee joto la moto. (Nairobi Julai kuna baridi, sikatai, lakini sebuleni kwangu hakuna moto wa kuni. Nililipia mabawa yasiyo na kazi.) Umbo la miaka mia tatu halina wa kulidai. Duka la 165,000 lenyewe liliiga.

Umbo jipya ni habari nyingine. Kuna kiti cha Marekani ambacho huenda mmekiona kwenye sinema, cha ngozi nyeusi na mbao zilizopindwa, pamoja na kigoda chake cha miguu. Kilibuniwa na mume na mke, Charles na Ray Eames, kikatolewa na kampuni ya Herman Miller mwaka 1956. Hadi leo kinatengenezwa, na cha asili kinapita dola 5,000. Wawili hao walikuwa wametumia miaka mingi kutafuta namna ya kutengeneza vitu vizuri kwa watu wengi kwa bei ndogo, na viti vyao vingine vilikuwa hivyo. Ila hiki ndicho kilichokuwa alama ya wenye pesa. Nchi zinatofautiana kuhusu kukiiga. Uingereza zamani ilikuwa inaruhusu samani kama hizo kuigwa baada ya miaka 25 sokoni. Tangu 2016 ulinzi unafika miaka 70 baada ya kifo cha mbunifu. Hapa kwetu, sheria ya mali ya viwandani ya mwaka 2001 inampa aliyesajili umbo miaka 5, inayoweza kuongezwa mara mbili, jumla 15. Kwa hiyo ndugu yangu alikuwa na hoja: mbunifu naye ni mfanyakazi, na jasho la kichwa ni jasho. Umbo jipya la mtu aliye hai lina mwenyewe, na kulichukua kimya kimya si unyenyekevu. Lakini tusijifiche nyuma ya mbunifu wa mbali ambaye hatutamwona, tukamsahau fundi tuliyemtazama machoni. Mimi sikumdhulumu mwenye kiti cha Marekani. Nilimdhulumu mtu wa Ngong Road.

Kuna wanaosema, fundi alikubali. Hakuna aliyemshika mkono. Soko ndilo linalopanga bei, na fundi naye hupandisha ya kwanza akijua utaishusha. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mafundi wengi huongeza kidogo pale juu kwa sababu sisi tumewafundisha. Fundi yule yule angeweza kunitajia 35,000, na kama angefanya hivyo kushushana kwetu kungekuwa mchezo tu wa watu wawili wanaojuana. Lakini katoni ilionyesha kwamba 29,000 haikuwa ya kubahatisha. Na kuhusu kukubali, jamani, mtu aliyetoka kumsihi mwenye nyumba atakubali karibu chochote. Yeremia 22:13 inamtamkia ole mtu anayemtumikisha jirani yake bure. Haiulizi kama jirani alikubali.

Wala simsafishi fundi. Alijua mbao zile zitalia, akanipa akinyamaza, kama mimi nilivyonyamaza mbele ya mjomba. Angeweza kuniambia pale pale kwamba kwa pesa hizo atanipa sponji ya vipande. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akacheka kidogo. “Ungeenda kwa yule wa kumi na tano.” Uongo wangu ulikuwa umefanya kazi yake mara mbili.

Nimelifikiri jambo hili nikiwa nimekaa kwenye kiti cha maua, ambacho bado ni kizima. Na nimefika hapa: bei ikishuka, lazima kuna kitu kinachopungua. Haiwezekani isiwe. Basi kuna maneno mawili ambayo mnunuzi anaweza kumwambia fundi, na yanafanana sana. La kwanza: nina elfu kumi na nane na mia tano, utanitengenezea kiti gani? La pili: nataka kiti hiki hiki kwa elfu kumi na nane na mia tano. Anayesema la kwanza amekubali kiti kipungue. Anayesema la pili anataka kiti kibaki kilivyo, kwa hiyo anayepungua ni mtu.

Mjane mwenye 18,500 peke yake mkononi ana haki kamili ya kusimama Ngong Road na kusema lile la kwanza, tena bila haya. Na fundi mzuri ana majibu mengi. Nimemuuliza yangu, na nitawapa aliyonipa mimi. Ukiacha mabawa, mbao na kitambaa vinapungua na mshono unakuwa rahisi. Ukiacha vifungo vya kuzamisha, unaokoa karibu siku nzima ya kazi, na hicho ndicho kitu watu wanachosahau kabisa, kwamba vifungo havili pesa ya vifungo, vinakula muda. Miguu iliyonyooka ataipasua mwenyewe bila kwenda kwa mwenye mashine. Pamba nzito badala ya mahameli. Saiprasi iliyokauka vizuri ikapakwa rangi itabeba uzito wa mtu miaka mingi. Mahogani ni ya macho. Ukimpa wiki sita badala ya tatu, atakifanya katikati ya kazi nyingine na hatahitaji kijana wa msaada. Lakini usipunguze fremu, na usipunguze sponji ya makalio.

Na akanipa neno jingine ambalo ningependa kila mmoja alishike: njoo uone fremu kabla haijavalishwa. Omba kuiona ikiwa mbao tupu. Iinue, itingishe, kalia. Fundi asiyeficha kitu atafurahi umekuja, kwa sababu hakuna anayekuja. Sote tunakuja siku ya mahameli.

Kuna pia njia ambayo sikuifikiria kabisa kwa sababu ya kiburi. Vile viti vyangu vya maua vina fremu ya mvule. Fundi alivigonga kwa vidole picha nilipomwonyesha, kana kwamba vimo ndani ya simu, akasema mbao hizo siku hizi hazipatikani kwa bei ya mchezo. Kuvivalisha upya kimoja, sponji na kitambaa, kungenigharimu chini ya kile nilicholipia kiti kibovu. Nilikuwa nimeketi juu ya nilichokuwa nikikitafuta.

Nilifundisha miaka kadhaa Pwani, na Lamu niliona kwa mara ya kwanza kile wanachokiita kiti cha enzi. Kimesimama wima, cha mbao nyeusi, kimetiwa nakshi za vipande vya pembe au mfupa, mgongo na makalio vimesukwa kwa kamba, na mbele kuna pa kuwekea miguu. Kwa kweli si kiti cha starehe. Ukikikalia unanyooka utake usitake. Nilidhani ni kiti cha mwenye nyumba, bwana mkubwa ajionyeshe. Mzee mmoja akanisahihisha: katika nyumba za wenye cheo kiti kile hutolewa kwa mgeni wa heshima. Kilikuwa na sauti, naam, lakini kilichosema ni jina la mgeni.

Sulemani naye alikuwa na kiti. Msome katika 1 Wafalme 10. Pembe za ndovu zilizofunikwa dhahabu, ngazi sita, mikono ya kuegemea pande zote mbili, simba wawili kando ya mikono, na simba kumi na wawili juu ya ngazi. Mwandishi amehesabu kila simba. Fundi hakutajwa. Rudini nyuma sasa hadi Kutoka 31, habari za hema. Pale fundi ametajwa kwa jina, Bezaleli, na jina la baba yake, na kabila lake. Sijui kama mnauona uzito wa jambo hilo kama mimi ninavyouona. Na baada ya Sulemani kufa, sura mbili tu mbele, watu wanamwendea mwanawe na ombi moja, awapunguzie nira nzito aliyowatwika baba yake. Kile kiti kilikuwa na mabawa yake.

Halafu kuna yule mama wa Shunemu, ambaye alikuwa na uwezo wa kutosha, akamjengea Elisha chumba kidogo na kumwekea kitanda, meza, kiti na taa. Kiti tu. Hakuna aliyeeleza kilikuwa cha mbao gani, na Elisha alirudi kila alipopita njia ile.

Nilimlipa fundi zile 2,000 siku ile ya katoni. Alizihesabu mara mbili. Nikamwomba radhi kwa habari ya yule fundi wa kumi na tano. Akasema alijua tangu mwanzo kwamba hayupo, maana wa kule chini ni shemeji yake na hufunga Ijumaa. Tukacheka wote wawili, ingawa yeye alicheka zaidi. Kisha nikamuuliza lile swali la kwanza, kwa maneno yake kamili: nina elfu kumi na mbili, utanifanyia nini? Akakizunguka kiti. Akasema fremu mpya ya saiprasi, sponji ya sawasawa, mabawa tuyatoe, mahameli ile ile ifuliwe na igeuzwe, miguu ibaki. Wiki tano. Elfu kumi na mbili inatosha, na yeye amejiweka ndani.

Mjomba wa kijana nimempigia pia. Nilimwambia kiti alichokisifu kilitengenezwa kando ya barabara, kwa bei gani, na kwa nini nilinyamaza. Kulikuwa na kimya kirefu kwenye simu, nikadhani nimeharibu mambo ya watoto. Halafu akaniuliza namba ya fundi. Nimempa, pamoja na bei ya ishirini na tisa.

Jana jioni fundi alinipigia. Fremu iko tayari, bado mbao tupu. Nimemwambia nitafika Jumanne asubuhi, na mama watoto amesema atakuja ili akikalie yeye mwenyewe.